Tikini chini ya mwembe: kupanda na kutunza ua la kienyeji kwenye kivuli

Ardhi ya chini ya mwembe mkubwa ni ileile ukiwa Tanga, Bagamoyo au Malindi: imefagiliwa kila asubuhi, imeshindiliwa kwa miguu na viti, na mizizi imeanza kuchungulia. Ukoka ukipandwa hapo hushika wakati wa masika, kisha hukonda na kufa kabla mwaka haujaisha. Lawama hutupiwa kivuli. Ni kweli ukoka ni nyasi ya juani, lakini kinachoua mimea mingi zaidi mahali hapo ni kiu na ufagio. Majani mazito ya mti hudaka manyunyu yasifike chini, na maji yanayofanikiwa kupita hunywewa na mizizi myembamba ya mwembe iliyojaa kwenye tabaka la juu la udongo. Mmea unaofaa, basi, ni ule unaostahimili giza na ukavu kwa pamoja, na usiohitaji kuchimbiwa sana.

Kwa ukanda wa pwani na miteremko ya chini ya milima, chaguo letu la kwanza ni tikini. Jina hilo linajulikana zaidi upande wa Tanga na Usambara, ambako majani yake huliwa kama mboga; kitaalamu ni Asystasia gangetica, na aina yetu ya Afrika huitwa micrantha. Usiende kuinunua kabla ya kuangalia ua wa jirani au ukingo wa njia, maana huenda iko hapo tayari. Shina lake lina pembe nne ukilipapasa kwa vidole. Majani hukaa mawili mawili yakielekeana, kila moja likiwa na urefu wa sentimita 3 hadi 8. Maua hujipanga upande mmoja wa kikonyo. Ni meupe, na petali ya chini ina madoa ya zambarau. Ua la kwetu halizidi sentimita 2.5. Vitalu vya mjini huuza pia aina ya Asia yenye ua kubwa zaidi, la zambarau au la manjano. Inapendeza, lakini ukitaka mmea wa kienyeji chukua huu mdogo mweupe.

Watu huichanganya na lile jani la majimaji lenye ua dogo la buluu, ambalo baadhi huliita kongwe. Tazama majani: ya kongwe hupishana kwenye shina na hulikumbatia kwa ala, na mishipa yake hukimbia sambamba kutoka shinani hadi nchani. Majani ya tikini yanaelekeana na yana vikonyo.

Pima kivuli kwanza

Saa sita mchana siku ya jua, weka karatasi nyeupe chini pale unapotaka kupanda, kisha inua kiganja sentimita 30 juu yake. Kivuli cha kiganja kikionekana na kingo zisizo kali, hapo ndipo pazuri kabisa: tikini itatambaa na kutoa maua karibu mwaka mzima, ilimradi kuna unyevu. Kikikatika wazi, hapo ni juani. Mmea utaishi na utatoa maua mengi, lakini utakimbia kuliko unavyotaka. Kisipoonekana kabisa, giza limezidi. Tikini haitakufa hapo, ila itarefuka shina, itapunguza majani na maua yatakuwa ya kuhesabu.

Kwenye giza la namna hiyo, dawa ni kukata matawi ya chini ya mwembe baada ya mavuno ili jua la asubuhi na la jioni lipenye kwa pembeni. Inua mwavuli wa mti hadi mita 2.5 au 3 kutoka ardhini, na usiondoe zaidi ya robo ya matawi kwa mwaka mmoja. Kata kwa msumeno, si kwa panga. Panga huacha kisiki kilichochanika ambacho huozea ndani ya mti.

Miti nayo haifanani. Mkwaju una vijani vidogo vinavyopenyeza mwanga, na tikini chini yake haina taabu. Mfenesi na mwembe ni wazito zaidi lakini wanawezekana. Mkungu hudondosha majani mapana kwa mkupuo, kwa hiyo jiandae kuyaokota. Chini ya mvinje, vijiti vyake huanguka na kutengeneza zulia nene ambalo marando mapya (vipande vya shina vinavyopandwa) hayawezi kulipenya. Ondoa zulia hilo kabla ya kupanda na uendelee kuliondoa.

Kuandaa bila kuumiza mti

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kulima kwa jembe hadi shinani. Mizizi inayolisha mwembe iko juu juu, na ukiikata kwa wingi utaona matawi ya juu yakikauka ncha msimu unaofuata. Acha jembe. Chukua mtalimbo au kipande cha nondo cha milimita 12, toboa matundu ya kina cha sentimita 15 kila baada ya hatua ya mguu, na ukigonga mzizi mnene sogea kando. Fanya kazi hiyo siku moja au mbili baada ya mvua nzuri au baada ya kumwagilia sana, kwa sababu udongo mkavu ulioshindiliwa huwa mgumu kama sakafu.

Kisha mwaga mboji iliyoiva au samadi ya zamani, unene wa sentimita 3. Kwa eneo la mita za mraba 10 hiyo ni lita 300, yaani ndoo 15 za lita 20, au toroli tano za kawaida. Usizidishe unene ukidhani unasaidia. Tabaka la sentimita 10 la udongo mpya huinyima mizizi hewa, na likilala juu ya shina la mti huleta uozo kwenye gome. Acha duara tupu la sentimita 40 kuzunguka shina. Samadi mbichi ya kuku isikaribie hapo: huunguza marando kabla hayajatoa mizizi, na wingi wake wa naitrojeni hufanya tikini iote majani tu.

Marando

Tikini huota kwa mbegu na kwa vipande vya shina. Mbegu ni kazi ndefu. Kitumba chake, chenye umbo la rungu dogo la sentimita 2 hadi 3, hubeba mbegu nne, na kikikauka hupasuka na kuzirusha mbali. Lazima ukichume kinapoanza kugeuka kahawia, ukifunge ndani ya kitambaa au mfuko wa karatasi na ukiache kipasukie humo. Marando ni rahisi kama ya viazi vitamu na hutoa mmea ulio sawa na mama yake.

Chagua shina lisilo changa sana wala gumu kama mti. Ukilikunja, lipinde kidogo kisha livunjike kwa mlio; linalojikunja tu bila kuvunjika bado laini mno na litaoza. Kata asubuhi kabla ya jua kali, urefu wa sentimita 12 hadi 15 wenye vifundo vitatu au vinne, ukipitisha kisu chini kidogo ya kifundo cha mwisho. Ondoa majani ya vifundo viwili vya chini, na maua na vitumba vyote. Ukiyaacha maua, rando litamaliza akiba yake kuyalisha badala ya kutoa mizizi. Yafunge kwenye gunia bichi na uyapande siku hiyohiyo. Kama haiwezekani, yasimamishe kwenye ndoo yenye maji ya kina cha vidole viwili, kivulini, kwa siku moja au mbili.

Hesabu kabla hujakata. Nafasi ya sentimita 30 kwa 30 ni mashimo 11 kwa mita ya mraba. Kwenye kivuli kikavu tunapendekeza marando mawili kwa kila shimo, kwa hiyo mita za mraba 10 zitataka marando 220 hivi. Kichaka kimoja kilichoshiba hutoa marando 20 na zaidi, kwa hiyo utahitaji vichaka kumi. Ukiwa na vichaka vichache, anza na mita mbili za mraba na uzigeuze kuwa kitalu chako. Miezi mitatu baadaye zitakupa marando ya sehemu iliyobaki. Kutawanya marando machache kwenye eneo kubwa ni kuyakaribisha magugu yatangulie.

Kupanda

Wakati ni mwanzo wa masika, baada ya mvua mbili au tatu za kulowanisha. Chini ya mwembe usiamini macho: fukua kwa kidole hadi sentimita 10, na kama udongo wa chini bado ni vumbi, mvua haijafika hapo hata kama uwanja wa nje una madimbwi. Vuli inafaa pia, ila ni fupi, na kiangazi cha Januari na Februari kitakuta mizizi bado michanga. Ukipanda vuli, jiandae kubeba maji.

Toboa shimo kwa kijiti chenye ncha, la kulala kwa mshazari badala ya kusimama wima. Ingiza rando ili vifundo viwili viwe chini ya udongo na kimoja au viwili juu, kisha shindilia kwa vidole pande zote. Shimo lililobaki na hewa ndani ndiyo sababu kubwa ya rando kunyauka wakati jirani yake linastawi. Ulivute taratibu, likitoka bila kupinga, hukushindilia. Panga mistari ikipishana, shimo la mstari wa pili liwe katikati ya mashimo mawili ya mstari wa kwanza, eneo lifunge mapema.

Mwagilia palepale, kisha kila siku kwa wiki mbili, lita 5 kwa mita ya mraba, yaani ndoo moja ya lita 20 kwa mita nne. Tumia keni yenye matundu madogo, maana maji ya bomba la wazi huchimbua marando. Siku ambayo mvua imepenya hadi chini, pumzika. Majani yatalegea siku tatu nne za mwanzo na hilo si tatizo. Kijani kipya kwenye kifundo cha juu ndicho dalili kwamba mizizi imeanza, na kwa kawaida huonekana ndani ya wiki mbili au tatu. Kuanzia hapo mwagilia kila baada ya siku mbili, na baada ya wiki ya sita mara moja kwa wiki wakati wa ukavu, lakini kwa maji mengi, lita 15 kwa mita. Kunyunyizia kidogo kidogo kila siku kwa miezi huifundisha mizizi ikae juu, na siku ukisafiri kila kitu kitakauka.

Ng'oa magugu kwa mkono, hasa ndago, kabla hayajashika. Palipo na nafasi ya kutosha na unyevu, tikini hufunga ardhi kwa miezi miwili hadi mitatu, kwa sababu kila kifundo kinachogusa udongo huota mizizi yake.

Ufagio, kuku na konokono

Haya matatu huharibu bustani nyingi za kivulini kuliko ugonjwa wowote.

Mwambie kila anayefagia uwanja, pamoja na watoto na msaidizi wa nyumbani, kwamba eneo hilo halifagiliwi tena. Ufagio wa chelewa hung'oa marando bila mtu kutambua. Weka mawe au matofali kuzunguka eneo tangu siku ya kupanda, ili mpaka uonekane. Majani ya mwembe yaliyoanguka yaokote kwa mkono mara moja kwa wiki, kwa sababu ni magumu, hayaozi haraka, na yakilaliana hufunika tikini ikakosa mwanga. Yapeleke kwenye shimo la mboji. Maembe yaliyooza yaondoe kila siku wakati wa msimu, la sivyo nzi watajaa na kuhamia hadi jikoni.

Kuku huparura kutafuta wadudu kwenye mboji yenye unyevu. Wavu wa nailoni au matawi yenye miiba juu ya eneo kwa wiki nane za mwanzo yatatosha; mmea ukishafunga, kuku watakula majani machache tu bila madhara. Mbuzi na sungura ni jambo jingine: tikini kwao ni malisho mazuri, na mbuzi mmoja akifunguka humaliza kazi ya mwezi kwa mchana mmoja.

Konokono wakubwa wa pwani hutoka usiku baada ya mvua na kukata marando machanga usawa wa ardhi. Waokote kwa tochi, ukiwa umevaa glavu au mfuko mkononi, na uwatafute mchana chini ya mbao, magunia na vyungu. Majivu makavu kuzunguka mpaka huwazuia hadi mvua itakapoyalowanisha, kwa hiyo wakati wa masika usiyategemee.

Utaona pia viwavi weusi wenye miiba laini wakila majani. Usipulize dawa. Wengi wao watakuwa vipepeo, wakiwemo wale weusi wenye doa la buluu linalong'aa kwenye bawa la nyuma, na tikini hurudisha majani yake ndani ya wiki chache. Nyuki nao hufuata maua haya tangu asubuhi, na hilo peke yake ni sababu ya kuweka sumu mbali. Jambo la kushughulikia ni mabaka ya manjano yanayong'aa kwenye majani, yakifuata mishipa: huo ni ugonjwa wa virusi unaosambazwa na nzi weupe, hauna tiba, na mmea wenye dalili hizo hung'olewa wote na haukatwi marando. Njano iliyoenea sawasawa, bila mabaka, kwa kawaida ni maji yaliyotuama au udongo uliochoka. Fukua uone: ukikuta udongo unanuka, punguza maji na toboa upya kwa nondo; ukikuta mkavu na mwepesi, ongeza sentimita moja ya mboji.

Kukata, na kuizuia isivuke mpaka

Tikini ikiachwa hufikia nusu mita, hupanda juu ya chochote kilicho karibu na kuonekana kama kichaka kilichosahaulika. Ikikatwa hugeuka zulia. Mkato wa kwanza uwe pale inapofika sentimita 25: ishushe hadi sentimita 12 kwa mkasi wa bustani. Baada ya hapo kata kila wiki sita hadi nane wakati wa mvua. Kiangazi iache, isipokuwa ncha zilizorefuka. Kata nusu ya eneo kwa zamu, nusu nyingine wiki mbili baadaye, nyuki wasikose maua. Fyekeo linafaa eneo kubwa, ila liwe kali. Butu huvuta mmea na mizizi yake.

Mabaki yasiachwe juu ya ardhi nje ya mpaka, kwani kila kipande chenye kifundo kitaota. Hili si jambo la kudharau. Mmea huu uliovuka bahari umekuwa gugu sumbufu kwenye mashamba ya michikichi ya Malaysia na umeleta shida Australia, kwa hiyo mbegu zake si zawadi ya kumpelekea ndugu aliye ng'ambo. Hapa kwetu ni wa nyumbani na una wadudu wanaoupunguza, lakini bado usiupande kando ya bustani ya mchicha. Zamisha matofali mpakani kwa kina cha sentimita 15, kata marando yanayoyavuka, na uondoe vitumba kabla havijakauka.

Wengi huuliza kuhusu nyoka. Zulia la sentimita 12 halimfichi nyoka vizuri. Kichaka cha sentimita 50 humficha. Ndiyo maana ratiba ya kukata si ya urembo peke yake. Acha pia ukanda mtupu wa mita moja kati ya tikini na ukuta wa nyumba, mlango na njia ya kwenda chooni. Mbu hawazaliani kwenye majani haya, wanataka maji yaliyotuama, ila hupumzika kwenye kichaka kizito cha kivulini mchana, kwa hiyo jibu ni hilohilo la mkasi.

Ncha changa ulizokata ni mboga, mradi eneo halijapuliziwa dawa na haliko juu ya shimo la maji machafu. Chuma majani mawili au manne ya mwisho kabla maua hayajafunguka, katakata, chemsha, kisha unga kwa tui la nazi au karanga, peke yake au pamoja na mboga nyingine. Majani makubwa ya chini ni magumu, wape sungura.

Mahali ambapo tikini haifai

Kwenye baridi na unyevu wa Amani au Lushoto, juu milimani Usambara, palipo na giza la kweli la msitu, impatiensi ya porini itakupa maua mengi zaidi. Asili yake ni Afrika Mashariki hii hii, ingawa dunia nzima huiuza kwenye vyungu. Hiyo haivumilii ukavu hata kidogo. Ua la Usambara (African violet) halifai kufunika ardhi. Liweke kwenye nyufa za mawe pembeni, na ulinunue kitaluni, usiling'oe msituni ambako linazidi kuadimika. Na ukishawishiwa kununua ule mmea wa kutambaa wenye ua la manjano kama alizeti ndogo, unaouzwa kama zulia la kivulini, kataa: umetoka Amerika ya kitropiki, hufunika kila kitu na kuung'oa ni kazi ya miaka.

Baada ya mwaka wa pili au wa tatu utaona mashina ya katikati yamekuwa magumu na maua yamehamia kingoni. Subiri mvua za kwanza za masika, kata eneo lote hadi sentimita 5, mwaga sentimita moja ya mboji, na uzibe mapengo kwa marando yaleyale uliyokata, mawili kwa kila shimo.